Kibali cha bunduki sio ruhusa ya kumlaza mtu: tuelewane kuhusu silaha na kujilinda

Juzi hapa Mtwara mjini, kijiweni kwetu kwenye kahawa, ubishi ulianza saa kumi jioni na mpaka adhana ya magharibi haujaisha. Aliyeuanzisha ni jamaa mmoja wa Tandahimba, kaja mjini na hela yake ya korosho, akasema mwaka huu ananunua bastola maana msimu uliopita walimvunjia nyumba usiku wakabeba kila kitu mpaka godoro. Mmoja akamwambia nunua kaka, mwizi akikanyaga tu ukumbini kwako unamlaza na huna kesi. Mwingine akaruka, thubutu, ukimuua mwizi wewe ndo unanyongwa. Wa tatu akaleta Marekani, kwamba kule kila mtu ana bunduki yake na serikali haimgusi. Afu mzee mmoja wa Liwale aliyekuwa kimya muda wote akasema mbona kwetu magobore yapo toka enzi za mababu na hatujafa.

Nimesikiliza wee, nikaona hawa watu hawabishani jambo moja, wanabishana mambo matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja ndo maana hawafiki. Naomba tuifungue hiyo kanga taratibu, kwasababu hili jambo mtu akilielewa vibaya anaishia jela au anaishia kaburini, na kwetu kijijini nimeshuhudia yote mawili.

Jambo la kwanza ni kumiliki, yaani nani anaruhusiwa kuwa na bunduki na kwa utaratibu gani. La pili ni kujilinda, yaani lini sheria inakuelewa ukimuumiza au hata ukimuua mtu aliyekuvamia. La tatu ni udhibiti, yaani serikali kuamua silaha za aina gani ziwepo mikononi mwa raia, zihesabiwe vipi na zikae wapi. Chukulia bodaboda. Kuwa na kadi ya pikipiki na leseni ni kitu kimoja, lakini leseni yako haikupi ruhusa ya kumgonga mtu aliyevuka hovyo pale Mkanaledi hata kama kosa ni lake, utaulizwa ulikuwa spidi gani, ulifunga breki, ulikuwa na nafasi ya kumkwepa. Na pikipiki kuwa na namba wala sio serikali kukunyang'anya pikipiki. Bunduki iko hivyohivyo, kibali ni kimoja, matumizi yanahukumiwa kivyake.

Maneno pia yanachanganya watu. Tukisema bunduki tunajumlisha vitu vingi. Bastola ni ile fupi ya kiunoni. Shotigani inatupa goroli nyingi kwa mkupuo, ndo unaiona kwa walinzi wengi wa benki. Raifo inatoa risasi moja moja inaenda mbali, ya wawindaji wenye vibali. SMG ni ya kivita, inamwaga risasi mfululizo, hiyo raia haruhusiwi kabisa. Na gobore ni ile ya kushindilia kwa mdomoni, ya fundi wa kijijini, na hapa ndo kusini tunapoumia, nitarudi.

Sasa kumiliki. Sheria inayotumika Tanzania ni Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ilifuta ile ya 1991. Msingi wake ni kwamba bunduki hapa kwetu sio haki ya kuzaliwa, ni kibali unachoomba na unaweza kunyimwa au kikafutwa. Unaandika maombi, unaeleza sababu, unaanzia kwa watu wanaokujua huko mtaani au kijijini kwako, unapanda mpaka polisi na kamati za ulinzi na usalama, wanaangalia mwenendo wako, kama una rekodi ya uhalifu, kama akili yako iko sawa, kama unajua kweli kuishika hiyo silaha. Ukipewa, leseni ni ya jina lako na ya silaha ile yenye namba ile, huwezi kumwazima shemeji aende nayo shamba, na ukiwa hauko nayo inafungiwa mahali salama sio chini ya mto. Leseni nayo ina muda wake, inalipiwa.

Kuna kitu hapa watu wa kwetu wengi hawakijui. Huku kwa Wamwera, Wamakua, Wamakonde, Wayao, mtu anamrithi mjomba wake, mikorosho, kiwanja, mpaka jina. Bunduki hairithiwi hivyo. Leseni inakufa na mwenyewe, mjomba akifariki silaha yake inatakiwa iende polisi na anayeitaka aanze kuomba upya kwa jina lake. Nimeona msiba ambapo vijana wanagawana vitu vya marehemu na shotigani imewekwa kwenye mkeka pamoja na redio na baiskeli, hakuna aliyeona shida, ilikuwa na leseni bwana, ndio, leseni ya maiti.

Twende kwenye kujilinda, maana hapa ndo penye uongo mwingi kuliko sehemu zote.

Sio kweli kwamba ukimuua mwizi basi wewe moja kwa moja ni muuaji wa kunyongwa. Na sio kweli kwamba mwizi akishaingia kwako ni halali yako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakubali mtu ajilinde, amlinde mwingine, na alinde mali yake. Tena inafika mbali, inasema hata ukisababisha kifo unaweza usiwe na hatia kama mtu alikuwa anakuja kukuua au kukujeruhi vibaya, kubaka, kuteka, kuvunja nyumba, kunyang'anya kwa nguvu, kuchoma moto. Kwahiyo yule aliyesema ukimuua mwizi wewe ndo unanyongwa alikuwa anakosea.

Lakini mlango huo una makufuli mawili. La kwanza, lazima uwe uliamini kwa dhati na kwa sababu za maana, ambazo mtu mwenye akili timamu akizisikia atakuelewa, kwamba kufanya vile kulikuwa hakuna budi. La pili, nguvu uliyotumia iwe ya kiasi kinacholingana na hatari. Moto ukiingia shamba la mikorosho unafyeka njia ya kuuzuia kulingana na moto ulivyo, hukati shamba zima la jirani kwasababu umeona moshi. Hakimu atauliza mambo ya kawaida kabisa, alikuwa na nini mkononi, alikuwa umbali gani, ulipiga kelele, alikuwa anakuja au anakimbia.

Hilo la mwisho ndo limewapoteza wengi. Jitu limevunja mlango saa nane usiku, lina panga, linakuja chumbani ulipo na watoto, hiyo ni hali moja. Jitu hilohilo limeshatoka nje, limebeba spika, linakimbilia kwenye mikorosho limekupa mgongo, hiyo ni hali nyingine kabisa, hatari imeshaondoka imebaki hasira. Ukimpiga pale haulindi uhai wa mtu, unalipiza, na kulipiza sio kazi yako. Hapo kesi inaweza kuwa ya kuua bila kukusudia na ikithibitika ulidhamiria inakuwa mauaji, na mauaji sheria yetu adhabu yake ni kunyongwa. Hii haijali kama ulitumia bastola yenye leseni, panga, mshale au mawe ya kundi la watu kumi. Wale wanaopiga mtu mpaka kufa stendi kwasababu kaiba simu na wenyewe wasijidanganye, wingi wao sio utetezi.

Kwahiyo ndugu yangu wa Tandahimba, bastola yako ungekuwa nayo usiku ule ungeamshwa usingizini gizani, sekunde chache, hujui aliyeko sebuleni ni mwizi au ni mwanao kaamka kwenda msalani. Hayo ndo mazingira halisi ya kujilinda kwa bunduki nyumbani. Siwezi kusema haijawahi kumsaidia mtu, imewasaidia watu. Ila sio kama kwenye muvi.

Turudi kwenye gobore la mzee wa Liwale. Mimi gobore nalijua kwa kulishika, la mjomba wangu huko vijijini Nachingwea. Mtutu wake bomba la chuma la maji limezibwa nyuma kwa moto wa mfua chuma, kitako cha mninga kimesuguliwa kwa miaka mpaka kinang'aa kama kiatu. Kulijaza ni kazi. Anapima baruti kwa kisoda, anamimina mdomoni, anafuatisha makumbi ya nazi, anashindilia na ufito wa chuma, afu vipande vya nondo au goroli za baiskeli, anafunga na kitambaa, anashindilia tena, mwisho anaweka fataki nyuma. Likipiga limepiga mara moja tu, la pili unaanza upya wakati ulichokikosa kinakutazama. Mvua ikiligusa haliwaki. Baruti ikizidi kisoda kimoja linapasukia usoni kwako. Mjomba mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili na nusu, na hakuwa mzembe, alikuwa mtu makini sana.

Watu wanasema gobore sio bunduki, ni zana kama jembe. Sheria haisemi hivyo. Gobore lisilo na leseni ni silaha haramu sawasawa na nyingine, na kesi yake inapelekwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, yaani haiko kundi la kuiba kuku. Dhamana yake sio ya kwenda na barua ya mtendaji tu, na kifungo kinaweza kufika miaka 20 na kuzidi. Kijana mmoja wa kwetu alikutwa nalo uvunguni na kipande cha nyama kwenye jiko, watoto wake wamekua bila kumjua.

Kwanini ukali wote huo? Angalia ramani. Liwale imepakana na pori lililokuwa Selous, sehemu yake kubwa toka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka 1976 walihesabu tembo kama 109,000 kwenye ule ukanda. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki kama 13,000. Walipigwa kwa silaha za kivita, kwa raifo, na magobore nayo yalikuwemo. Serikali ikiona bunduki isiyo na namba kandokando ya pori haioni mkulima, inaona pembe.

Mkulima naye ana hoja yake na mimi niko upande wake kwenye hili. Tembo wameanza kuongezeka, wanatoka wanaingia mashambani, usiku mmoja wanamaliza mahindi ya mwaka mzima, na wameshaua watu. Mtu aliyezika mke wake kwasababu ya tembo ukimwambia asalimishe gobore anakuona humtakii mema. Lakini ukweli ni kwamba goroli za baiskeli hazimuui tembo pale pale, zinamjeruhi, na tembo mwenye jeraha anarudi, anakaa na hasira na kijiji chote. Wanaokaa nao wanajua kinachosaidia walau kidogo, kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki pembezoni, madebe, tochi kali, na askari wa wanyamapori kuja na mabomu ya kishindo. Askari wanachelewa, ndio, na hicho kifuta jasho cha mazao hakilingani na kilicholiwa, hilo lisemwe kila siku mpaka lisikike. Kudai askari waje mapema ni dai la haki kabisa, ila gobore haliwezi kuziba hiyo nafasi.

Haya, Marekani. Kule ni kweli Katiba yao ina marekebisho ya pili ya mwaka 1791 yanayotaja haki ya watu kuwa na silaha. Sentensi yenyewe imeanza kwa kutaja mgambo, ndo maana walibishana miaka mingi kama haki ni ya mtu mmoja mmoja au ya mgambo, mpaka Mahakama ya Juu yao mwaka 2008 ikasema ni ya mtu binafsi, kwa kujilinda nyumbani kwake, na 2022 ikaipanua mpaka kutembea nayo nje. Ila mahakama hiyohiyo 2008 ilisema haki hiyo ina mipaka. Toka 1968 wana sheria inayomzuia mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa asimiliki. Kwahiyo lile la kila mtu na serikali haimgusi sio kweli hata kwao.

Makadirio ya 2018 yalisema raia wa Marekani wana bunduki kama milioni 393, zinazidi idadi ya watu wenyewe. Mwaka 2021 walikufa kwa risasi watu 48,830. Na kinachonigusa mimi, zaidi ya nusu ya hao hawakuuawa na mwizi wala jambazi, walijiua wenyewe. Hii haisemwi kijiweni. Mtu akiwa na msongo, ana deni, kaachwa, ile saa moja mbaya ikipita anaweza kuwa hai kesho, lakini kama chuma kipo kabatini ile saa moja inatosha. Wanaotetea bunduki kule wanasema mhalifu hafuati sheria kwahiyo ukimzuia raia mwema unamwacha mikono mitupu, na polisi wako mbali. Wanaotaka udhibiti wanasema silaha zikijaa hata ya mhalifu inapatikana kirahisi, maana nyingi zilianzia dukani kihalali kisha zikaibwa au zikauzwa. Hoja zote mbili zina uzito. Australia baada ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, watu 35 kwa siku moja, walinunua na kuharibu bunduki kama 650,000, na wakulima wao bado wana za kwao kwa leseni. Uingereza nao, baada ya watoto kuuawa shuleni Dunblane mwaka huohuo wa 1996, baadaye walipiga marufuku karibu bastola zote za raia.

Sisi hatuko kwenye ubishi huo. Katiba yetu ya 1977 haina ibara ya bunduki. Ina ibara ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Soma tena hapo, kutoka katika jamii. Yaani kulindwa ni deni ambalo jamii na serikali wanadaiwa na wewe. Kwahiyo mtu wa Tandahimba aliyevunjiwa nyumba anapaswa kuuliza polisi walikuwa wapi, ulinzi shirikishi wa mtaa uko wapi, kabla hajauliza bastola bei gani. Na kwa vile hela ya korosho siku hizi inapita benki, fedha kubwa kulala nyumbani ndo chambo cha kwanza.

Yule mzee wa Liwale alirusha hoja moja ngumu akaniacha na la kufikiria. Akasema mjukuu, Mjerumani alipotushinda kwenye Majimaji kitu cha kwanza alichotaka ni bunduki zetu, kwahiyo mtu akija kuniambia lete bunduki mimi nakumbuka hilo. Ni kweli, vita ilianzia huku huku Nandete mwaka 1905, boma la Liwale likaanguka Agosti ile, na wazee wetu walikuwa na magobore na mikuki, na sharti la amani likawa kusalimisha silaha. Sikumbishia. Nilimkumbusha tu kwamba Mahenge magobore yalikutana na bombomu, yaani bunduki za Mjerumani za kumwaga risasi mfululizo, na watu wengi zaidi walikufa baadaye kwa njaa kuliko kwa risasi. Wapo pia wanaotaja Kitaya, kijiji chetu cha mpakani na Msumbiji, wavamizi walipovuka mto Ruvuma Oktoba 2020 wakaua watu na kuchoma nyumba, wanasema wangekuwa na bunduki ingekuwa vingine. Maumivu yale nayaelewa, nina watu kule. Lakini waliokuja walikuja kikundi na silaha za kivita, wa kuwazuia ni jeshi, na bunduki zisizoandikwa mahali zikitapakaa vijijini mpakani ndo hizohizo watu kama wale wanazitafuta.

Kuna swali naulizwa sana inboksi, mtu analo gobore la marehemu na anaogopa kulipeleka atakamatwa. Polisi huwa wanatangaza kipindi cha msamaha wa kusalimisha kwa hiari, na Umoja wa Afrika umeuweka mwezi Septemba kila mwaka kuwa wa jambo hilo, ndo kipindi cha kusikiliza matangazo redioni. Kwenye msamaha ukipeleka mwenyewe ndani ya muda uliotangazwa hushtakiwi kwa kulimiliki. Usiende peke yako usiku umelifunika na gunia, ukikutwa njiani utaeleza nini. Nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji bila hilo gobore, mwambie lipo, wapigwe simu, mpelekane mchana.

La mjomba tulilipeleka hivyo. Mwenyekiti alikuja asubuhi na mgambo wawili, shangazi akalitoa mwenyewe juu ya dari, limefungwa kwenye kitenge, akamkabidhi. Wakaandika jina la marehemu, la aliyeleta, na tarehe. Askari kituoni akachungulia mtutuni na tochi akasema mama, hili lina baruti bado. Lilikuwa limejazwa na fataki iko mahali pake, limekaa miaka minne juu ya dari ya chumba wanacholala wajukuu.